TAARIFA YA UGONJWA HAINGOJI KESHO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Binza)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi isiyo na sifa wala malipo ya ziada, nayo ni kupeleka kwa wakati wake taarifa ya maradhi ya kuambukiza. Sisi si waganga. Kazi yetu ni kalamu, daftari na simu. Lakini habari ya ugonjwa, kabla haijamfikia Mganga Mkuu wa Wilaya, mara nyingi hupitia mikononi mwetu. Nayo ikilala mezani petu, ugonjwa haulali.

Kila aliyelelewa Usukumani ajua maana ya mwano. Ng'ombe wakiibiwa usiku, mwenye zizi hangoji kumjua mwizi kwa jina. Hupiga yowe saa ile ile, na kila alisikiaye hulipokea na kulipeleka mbele. Asiyetoka hutozwa faini. Basi taarifa ya ugonjwa ndiyo mwano wake: yatosha kushuku.

Ndivyo itakavyo serikali pia. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imeamuru maradhi haya yatolewe taarifa. Utaratibu wa ufuatiliaji wataka kipindupindu, surua, kimeta, tauni, homa ya manjano na homa za kutoka damu zitajwe ndani ya saa 24 tangu kushukiwa, pasipo kungoja jibu la maabara.

Huenda mtu akauliza, mbona haraka hiyo? Kipindupindu huweza kujitokeza saa chache tu baada ya kuingia mwilini, au siku hata 5, na mgonjwa asiyepewa maji ya dawa aweza kufa siku hiyo hiyo. Barua ikingoja gari siku 3, kisima kimoja kimekwisha kunywesha kijiji kizima. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa na kipindupindu mwaka 2024, basi hatusemi habari za mbali. Tena mtoto akipooza ghafula, hutakiwa sampuli 2 za choo, zipishane saa 24, zichukuliwe kabla ya siku 14 kupita. Baada ya hapo ni vigumu kujua kama ni polio.

Tutazame jirani zetu wa Kagera. Mnamo tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa huko Bukoba homa ya Marburg. Watu 9 waliugua, 6 wakafa. Mwezi Januari 2025 homa hiyo ilizuka tena, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari ya watu walioshukiwa. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha Marburg. Na tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa watu 10, na wote 10 wamekufa. Nane kati yao walikufa kabla ugonjwa haujathibitishwa. Hao waliingia daftarini wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Ndugu zetu, mambo yatucheleweshayo twayajua. La kwanza ni hofu ya aibu, kwamba kata yetu itasemwa vibaya na mnada utafungwa. Walakini mnada uliofungwa juma moja hufunguliwa tena, kaburi halifunguliwi. La pili ni kutaka uhakika. Uhakika ni kazi ya maabara, yetu ni kupeleka shaka. La tatu ni kudhani kwamba juma lisilo na mgonjwa halina taarifa. Sufuri ni habari: isipoandikwa, mkuu hawezi kujua kama hakuna ugonjwa au hakuna karani.

Kwa hiyo twatoa shauri tupatane mambo matatu. Kwanza, habari ya ugonjwa wa shaka ipelekwe kwa simu siku ile ile, barua ifuate nyuma. Na simu namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, basi ukosefu wa salio si udhuru. Pili, kila habari iandikwe saa ilipopokewa na saa ilipopelekwa, ili ijulikane ilikolala. Tatu, twawaomba wakuu wetu kwa heshima wasimkemee mtumishi aliyetoa taarifa ya shaka ikaonekana si kweli. Akikemewa mara moja, mara ya pili atanyamaza, na kimya chake kitawagharimu watu wengi kuliko safari moja ya bure ya gari la wilaya.

Aliyepiga mwano bila mwizi kuonekana hakulaumiwa na jirani zake. Walirudi kulala wakijua kwamba kuna aliye macho. Nasi tuwe hivyo.