KUBADILI SILI ZA GIABOKSI NYUMBANI



Mafuta mekundu yakidondoka chini ya gari la gia otomatiki, mara nyingi ni sili iliyochakaa. Sili ya ekseli twaweza kuibadili nyumbani. Ile iliyo kati ya injini na giaboksi yataka giaboksi yote ishushwe, basi tumwachie fundi mwenye vifaa.

Kwanza tuyatie magurudumu kabari, na gari likae juu ya stendi za chuma. Karakanani hatuingii chini ya behewa linaloshikwa na jeki peke yake. Nyumbani tusiingie vilevile. Fidia ya kazini hailipi ajali ya nyumbani.

Sili mpya tuipake mafuta mdomoni, springi ielekee ndani, tuigonge taratibu pande zote isikae upande. Kisha tuongeze mafuta ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari.