Masharti Kabla ya Fedha: Kampuni Kubwa, Hazina ya Umma na Haki ya Kuuliza



Tarehe 23 Septemba 2008 ilitangazwa kwamba Warren Buffett, kupitia kampuni yake ya Berkshire Hathaway, angetia dola bilioni 5 katika benki ya Goldman Sachs. Lehman Brothers ilikuwa imefilisika wiki moja tu kabla, na Wall Street nzima ilikuwa inatetemeka. Buffett alijua kwamba aliyemjia ana shida, akaweka masharti yake: gawio la asilimia 10 kila mwaka, pamoja na haki ya kununua hisa za kawaida za dola bilioni 5 nyingine kwa bei iliyokubaliwa siku ile. Wiki tatu baadaye, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza kwamba itatia dola bilioni 10 za walipa kodi katika benki hiyo hiyo. Gawio la umma lilikuwa asilimia 5 kwa miaka 5 ya mwanzo, na haki yake ya kununua hisa ilikuwa sawa na asilimia 15 tu ya fedha zilizotolewa.

Benki ni moja, msimu ni mmoja, na aliyetoa mara mbili akapata nusu ya gawio. Mnamo Februari 2009, jopo la usimamizi lililoundwa na Bunge la Marekani likiongozwa na Elizabeth Warren, wakati huo profesa wa sheria Harvard, lilipiga hesabu ya mikataba ya namna hii. Likaona kwamba Wizara ilikuwa imelipa dola bilioni 254 ikapokea mali ya thamani ya dola bilioni 176. Pengo la dola bilioni 78 lilikuwa zawadi kwa kampuni zilizookolewa, na hakuna mlipa kodi aliyeulizwa kama angependa kuitoa.

Ninaanza na mikataba hii kwa sababu hoja yangu jioni ya leo iko ndani yake. Tumezoea kuzungumzia uwajibikaji kama jambo linalofuata baada ya fedha kutumika: ukaguzi, kamati, maswali ya wabunge. Mimi nasema huamuliwa siku ile mkataba unapotiwa sahihi. Siku ile kampuni haina pa kwenda na serikali ina uwezo wote. Fedha zikishatoka, uwezo huo huhama, na umma hubaki kubembeleza.

Tazameni sheria iliyoruhusu uokoaji huo ilivyozaliwa. Waziri wa Fedha, Henry Paulson, alipeleka Bungeni pendekezo la kurasa 3 akiomba dola bilioni 700. Kifungu cha 8 kilisema uamuzi wa waziri usiweze kupitiwa na mahakama yoyote wala chombo chochote cha serikali. Tarehe 29 Septemba 2008 Baraza la Wawakilishi likaukataa mswada, ambao kwa wakati huo ulikuwa umeshapanuliwa, na soko la hisa likaporomoka. Tarehe 3 Oktoba ukapita ukiwa na walinzi kadhaa, miongoni mwao jopo nililolitaja na ofisi ya Mkaguzi Mkuu Maalumu wa fedha hizo. Lakini jambo moja halikuwekwa: benki hazikutakiwa kueleza zimezitumiaje fedha zilizopewa.

Mkaguzi huyo, Neil Barofsky, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa serikali huko New York, alipolidai jambo hilo, Wizara ilimjibu kwamba fedha hazina alama. Zikiingia benki huchanganyika na nyingine, kwa hiyo haiwezekani kusema dola hii imekwenda wapi. Hoja hii imevuka bahari nyingi. Nimeisikia hapa kwetu Kenya ikitolewa na watu wenye shahada za uchumi, na ndiyo maana nataka tuijibu kwa makini.

Barofsky hakubishana. Aliandika barua kwa taasisi zaidi ya 360 zilizopokea fedha, akaziuliza mmefanya nini. Zikajibu. Ripoti yake ya Julai 2009 ilionyesha kwamba benki ziliweza kueleza: nyingine zilikopesha au zilizuia mikopo isipungue, nyingine zilizihifadhi kuimarisha mtaji, nyingine zililipa madeni yao, na nyingine zilinunua benki nyingine. Swali lililosemekana halijibiki lilijibiwa kwa barua. Hakuna aliyetaka kufuata noti moja moja. Swali ni rahisi: mngefanya nini bila fedha hizi, na mmefanya nini kwa kuwa nazo? Meneja wa fedha asiyeweza kulijibu hilo hajui kazi yake. Mama mboga anayekopa elfu 20 kwenye chama huulizwa ni za nini, naye hajibu kwamba zitachanganyika na za mauzo.

Sasa kuna pingamizi zito, na aliye makini lazima alikabili. Benki zililipa. Wizara ilitoa karibu dola bilioni 245 katika miradi ya benki na ikarudishiwa zaidi ya hizo. Hata AIG, ile kampuni ya bima iliyohitaji ahadi za msaada zilizofikia takriban dola bilioni 182, ilimalizana na serikali mwishoni mwa 2012 na serikali ikatoka na faida. Basi malalamiko ya nini?

Linganisheni na General Motors. Huko serikali iliweka karibu dola bilioni 50, na ilipouza hisa zake za mwisho mwezi Desemba 2013 ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10. Lakini mwenye kuipa GM fedha alidai. Mkurugenzi mkuu, Rick Wagoner, aliondolewa Machi 2009 kwa shinikizo la Ikulu ya Marekani. Kampuni ilipelekwa mahakama ya ufilisi tarehe 1 Juni, wanahisa wa zamani wakapoteza karibu kila kitu, na chama cha wafanyakazi, UAW, kikakubali kufungua upya mikataba yake. Mahali umma ulipopata hasara ndipo uwajibikaji ulipokuwa mkali, na ulipopata faida ndipo ulipolegea. Faida na uwajibikaji ni vitu viwili. Mtu anaweza kukurudishia mali yako yote bila kukueleza alikuwa anaifanyia nini.

Na hapa pana jeraha ambalo bado linaniuma nikilisoma. Mnamo Machi 2009, mwezi uleule wa Wagoner, AIG ililipa bonasi za dola milioni 165 kwa wafanyakazi wa kitengo cha Financial Products, kitengo kilichouza kinga dhidi ya hasara ya mikopo ya nyumba hadi kampuni ikazama. Serikali ilikuwa na karibu asilimia 80 ya umiliki wa AIG. Ikaelezwa kwamba mikataba ni mikataba, haivunjwi. Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada wa kutoza bonasi hizo kodi ya asilimia 90, Seneti haikuupitisha. Mkataba wa fundi wa kiwanda cha magari uliweza kufunguliwa. Wa mwuza bima wa mabilioni haukuweza. Tofauti haikuwa ya kisheria. Kwa GM, kubadilisha mikataba kulikuwa sharti la kupewa fedha. Kwa AIG, dola bilioni 85 za kwanza zilitolewa Septemba 2008 kwa haraka ya usiku mmoja, na bonasi zilikuwa tayari zimeahidiwa. Vilevile waliodai AIG walilipwa thamani kamili bila punguzo, na majina yao yakawekwa wazi baada ya shinikizo tu: Goldman Sachs peke yake ilikuwa imepata dola bilioni 12.9.

Kwa nini nizungumze haya Nairobi? Kwa sababu sisi pia tumeokoa. Mwaka 2017, Kenya Airways ilipopangwa upya baada ya hasara za kutisha, ikiwamo ya shilingi bilioni 26 katika mwaka mmoja wa fedha, serikali iligeuza madai yake kuwa hisa na umiliki wake ukapanda kutoka asilimia 29.8 hadi 48.9. Benki za humu nchini zikageuza madeni yao kuwa asilimia 38.1. Serikali ikatoa dhamana ya dola milioni 750. Wanahisa wadogo, wengi wao walionunua hisa tangu 1996, wakabaki na sehemu ndogo mno, kisha hisa zikasimamishwa sokoni kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025.

Sisemi shirika lingeachwa life. Ndege zinazobeba maua, watalii na mizigo yetu zina thamani isiyoonekana kwenye vitabu vya kampuni. Ninachosema ni kwamba dhamana ni hatari zaidi ya fedha taslimu, kwa kuwa siku ya kuitoa haionekani kwenye bajeti. Na Katiba yetu ya 2010 inalijua hilo. Ibara ya 213 inaitaka serikali ya kitaifa itoe ripoti ya dhamana zake ndani ya miezi 2 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kukagua hesabu za chombo chochote kinachopata fedha za umma. Kwa maoni yangu, kampuni inayokopa kwa dhamana ya Hazina inapata fedha za umma tangu siku ya kukopa, hata kama serikali ina asilimia 48.9 na si 51.

Lakini zote hizo ni ripoti za baadaye. Ninachowaomba wabunge, na wanafunzi wa sheria watakaokuwa wabunge, ni kipengele cha kabla. Dhamana itakayofuata ikifika Bungeni, mkataba wake mzima uwekwe mezani kabla ya kura. Uwe na hesabu ya kila robo mwaka ya matumizi, itakayochapishwa. Uwe na ruhusa ya kufungua mishahara na bonasi za wakurugenzi, na uupe umma gawio ambalo mwekezaji binafsi angelidai siku ileile. Ukikosa hayo, urudishwe Hazina ukaandikwe upya, wakati kampuni bado inahitaji sahihi yetu.