TUYAJUE MAJINA YA WATOTO WA ASKARI WETU

(Maneno yaliyosemwa na mwenezi wa chama mbele ya wanachama na wananchi wa Kibuta, Wilaya ya Kisarawe.)



Leo hatukuja na habari za kura wala za kadi. Tumekuja kusema juu ya watoto ambao wamo humu humu Kibuta, tunapishana nao kila asubuhi wakienda shule, na bado hatuwaoni. Ni watoto wa askari.

Kila aliyefika mjini Dar es Salaam ameiona sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora. Waingereza waliisimamisha mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake pameandikwa maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maana yake ni kwamba mtu akiipigania nchi yake hata akafa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri. Lakini sisi tuna swali moja. Watoto watalikumbuka jina la baba. Je, majina ya watoto yatakumbukwa na nani?

Swali hili si la mchezo. Katika vita ile watu wetu wengi hawakushika bunduki, walibebeshwa mizigo. Jina la Kariakoo, mahali tunapopeleka mazao yetu hata leo, limetokana na wapagazi hao wa jeshi la Kiingereza. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Vita ilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa sababu majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Fedha ile ikabaki mikononi mwa Serikali ya Kiingereza. Baba alikufa, mtoto akakosa haki yake kwa ajili ya jina lisiloandikwa. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tusikilize habari ya mtoto mmoja wa askari. Mwaka 1894 alizaliwa huko Pangani mtoto aliyeitwa Kleist. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji ili apigane vita vyao. Hatuvisifu vita vile; vilikuwa vya kututia utumwani. Lakini mtoto ana kosa gani? Baba akafa mtoto angali mdogo. Akachukuliwa na askari mwenzi wa baba yake, Affande Plantan, akalelewa Dar es Salaam pamoja na watoto wa nyumba ile, akapelekwa shule. Mwaka 1929 yatima yule alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association, naye akawa katibu wake. Wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walikuwamo katika wale 17 waliokianzisha chama cha TANU tarehe 7 Julai, 1954. Abdulwahid naye alikuwa ametoka vitani Burma.

Ndugu zangu, kama yule mwenzi wa marehemu angesema, "Huyu si wangu," nani ajuaye habari ya chama ingekuwaje? Wazee husema mkono mmoja haulei mwana. Hapa tunaona kwamba mkono wa pili haukulea mwana peke yake. Ulilea na nchi.

Tuje kwenye siku zetu. Jeshi la leo si la mgeni. Lilianzishwa tarehe 1 Septemba, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule, likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo lina maana. Ikiwa jeshi ni la wananchi, basi watoto wa askari ni watoto wa wananchi. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, hawakwenda askari wa kambini peke yao. Walikwenda na mgambo kutoka vijijini, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, 1979. Mamia ya waliokufa wamezikwa Kaboya, Wilaya ya Muleba. Tarehe 13 Julai, 2013, askari wetu 7 waliuawa Darfur wakilinda amani. Tarehe 7 Desemba, 2017, wengine zaidi ya 10 waliuawa katika kambi moja karibu na mto Semuliki, mashariki ya Kongo. Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa kwa mashada na mizinga. Ni vema. Lakini tarehe 26 Julai mtoto wa shujaa huamka akitaka daftari.

Mtasema: jeshi lina shule zake. Ni kweli. Makongo ni ya JWTZ, Jitegemee ni ya JKT, zote mjini Dar es Salaam. Lakini mtoto aliyeachwa Kibuta kwa bibi yake hasomi Makongo. Anasoma hapa, nasi ndio wa kumjibu.

Sisi tuliosomea ualimu tulipata kuliona jambo hili katika shule moja tuliyokwenda kufundisha. Aliletwa mvulana katikati ya mwaka, baba yake amehamishwa kituo. Ilikuwa shule yake ya tatu. Karatasi zake za uhamisho hazikufika upesi, akakaa nyuma ya darasa kama mgeni msibani. Wenzake wakamwita "mtoto wa kambi." Tukamdhani mjinga. Siku moja tukampa hesabu za shule aliyotoka, akazimaliza zote kabla ya wenzake. Hakuwa mjinga, alikuwa amerukishwa mafungu matatu ya kitabu kwa ajili ya safari, na hakuna aliyemwuliza. Kosa lile lilikuwa letu pia, na haya twasema mbele yenu ili lisitendeke tena.

Na yuko mtoto wa namna nyingine, ambaye baba yake yu hai lakini hayupo nyumbani. Amekwenda Kongo, au amehamishiwa mbali, au amerudi akiwa na mwili mzima na usingizi mbovu. Usiku anashtuka na kupiga kelele, mchana hasemi na mtu. Mtoto huona yote hayo, naye haelezwi neno. Akianza kuwa mkali shuleni, twamchapa. Yafaa kwanza tumwulize: nyumbani kukoje?

Na yuko wa tatu, tusione haya kumtaja. Ni mtoto ambaye baba yake ni askari aliyepita, na mama hana ndoa wala barua. Watu humcheka mama, na aibu ile humwangukia mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, na inampa mama au mlezi haki ya kwenda mahakamani kudai matunzo. Magwanda hayamwondolei mtu ubaba. Askari wengi ni watu wema wanaoleta fedha nyumbani kila mwezi. Kwa hao twasema ahsante. Kwa yule aliyesahau twasema: nchi uliyoapa kuilinda, mwanao yumo ndani yake.

Basi, tufanye nini? Tusingoje mtu kutoka mjini. Tuna mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni jina. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama na la baba yake. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, katika mikoa mingi RITA siku hizi huwaandikisha katika zahanati na ofisi za kata. Kwa waliopita umri huo, wazee wa tawi wawasaidie kina mama kupata ushahidi na njia. Na kila askari ajaye likizo aulizwe na ndugu zake, kwa upole: umewaandika watoto wako wote kazini kwako? Wote, si wale wa nyumba moja tu. Wapagazi wa Kariakoo wametufundisha mwisho wa jina lisiloandikwa.

La pili ni mirathi. Askari akifa, ukoo hukaa kikao na kuchagua msimamizi, kisha Mahakama ya Mwanzo humthibitisha. Tumeona vikao ambavyo mjane hukaa nje, fedha ya marehemu ikageuka bati la nyumba ya mtu mwingine, na mtoto akaacha shule. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Ni mtumishi wa warithi. Tawi la chama halina kazi ya kuamua mirathi ya watu, lakini lina kazi ya kumwambia mjane kwamba anaweza kwenda mahakamani kupinga, na kumsindikiza akiogopa.

La tatu ni shule. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana havikufutwa. Bibi anayelea wajukuu watatu kwa muhogo na korosho hawezi yote peke yake. Kila balozi ataje nyumba za namna hiyo, nasi tuone kila msimu ni kikapu gani kitakwenda shuleni kwa ajili ya watoto hao. Asiye na fedha ana muhogo, na asiye na muhogo ana kuni. Na walimu, twawaomba: mtoto akija katikati ya mwaka, mpimeni kwanza mjue alipofika. Wazazi nao, msimhamishe mtoto wa darasa la saba mwaka wa mtihani ila kwa lazima kubwa, maana ameandikishwa kwa mtihani huo katika shule yake. Kama baba amehamishwa, mtoto na abaki kwa shangazi hadi amalize.

La nne ni heshima. Tuache kabisa jina la "mtoto wa kambi." Na tusimsifu mtoto kwa kumwambia asilie kwa kuwa baba yake alikuwa shujaa. Mtoto aliyefiwa na alie, na mtu mzima akae karibu naye.

Ndugu zangu, hatuombi kitu kwa ajili ya askari peke yao. Yatima wa mvuvi na yatima wa mkulima wana njaa ile ile, na kikapu kile kile kitawatosha. Twaanza na watoto hawa kwa sababu sisi ndio tuliowatuma baba zao, na mama zao pia, maana siku hizi wanawake nao ni askari. Tulilala usingizi, wao wakakesha. Deni hilo halilipwi kwa sanamu.

Basi leo kabla hatujatawanyika, tumeleta daftari moja. Limo mkononi mwa katibu wa tawi, ukurasa wa kwanza bado mweupe. Kila mmoja amjuaye mtoto wa askari katika kitongoji chake, awe na baba au hana, aje ataje jina lake, darasa lake na anayemlea. Mwezi ujao tutakutana tena hapa, tutalisoma daftari hilo jina kwa jina, na kila jina tutauliza: amefanyiwa nini?