Zawadi kwa Walimu: Tupime Kabla ya Kutoa



Nimepewa dakika kumi na tano, na Katibu ameahidi kugonga kengele zikiisha. Kengele yenyewe naiona pale mwembeni, ni kile kile kipande cha reli kilichokuwa kikituamsha alfajiri, kwa hiyo nitaitii.

Jana jioni Kamati ilituletea pendekezo. Kila mwanachama achange, na fedha hizo walipwe walimu wa Kidato cha Nne, kiasi fulani kwa kila alama A itakayopatikana katika mtihani wa taifa. Wengi mlipiga makofi. Mimi sikupiga, na baadhi yenu mliniuliza sababu. Kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kupanga namna ya kuwalipa watu ili wafanye kazi, na makosa niliyoyafanya katika jambo hilo yanatosha mkutano mzima.

Nitaeleza moja tu. Nilikuwa meneja wa uzalishaji katika kiwanda kimoja cha korosho huko kusini. Korosho pale zilikuwa zikibanguliwa kwa mkono. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, hivyo mbanguaji hujipaka mafuta au majivu mikononi, hulipasua ganda, kisha huitoa punje bila kuivunja. Hapo kwenye "bila kuivunja" ndipo fedha ilipo. Punje nzima huuzwa kwa bei nzuri. Ikivunjika, thamani yake hushuka sana.

Wabanguaji wetu, karibu wote akina mama, walilipwa kwa siku. Niliona wanakwenda polepole. Nilipotoka kwenye semina moja (zile semina za hotelini, zenye sambusa nyingi kuliko mawazo) nikabandika tangazo: kila kilo itakayozidi kiwango cha siku italipiwa bakshishi. Wiki ya kwanza uzalishaji ulipanda hata nikamwandikia Mkurugenzi barua ya kujisifu. Wiki ya tano mnunuzi alirudisha mzigo. Maboksi yalijaa vipande.

Nikamwita mama mmoja, mkubwa wa chumba kile, aliyekuwa akibangua tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimsemesha kwa ukali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kwenye karatasi yako uliandika kilo. Tumekupa kilo."

Hasara ya vipande tuliifidia. Iliyonishinda ni nyingine. Kabla ya tangazo, mama yule na wenzake walikuwa wakiwakalisha wasichana wapya kando yao, wakiwaonyesha jinsi ya kuishika korosho. Hakuna aliyewalipa kwa hilo, na mimi wala sikujua kwamba jambo hilo lipo. Baada ya tangazo, kila dakika ya kumwelekeza mwenzako ikawa ni kilo inayokupotea. Wasichana wakaachwa wajifunze kwa kuungua. Miezi miwili baadaye nilifuta bakshishi nikidhani mambo yatarudi kama zamani. Hayakurudi. Nilikuwa nimekwisha kuwafundisha kuwa kila kitu pale ndani kina bei, na kwamba kumfundisha mgeni bei yake ni sifuri.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za vituo vya kulelea watoto katika mji wa Haifa, Israel, zilizochapishwa mwaka 2000 na wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, basi vituo 6 kati ya 10 vikaweka faini. Wachelewaji wakaongezeka, karibu maradufu, kwani sasa mzazi aliona anaununua ule muda. Faini ilipoondolewa, waliendelea kuchelewa vilevile. Nilimkumbuka sana mama yule.

Tuje kwa walimu, maana jambo hili limekwisha kujaribiwa huku kwetu Afrika Mashariki. Huko Busia na Teso, Kenya, mwaka 1998 na 1999, shule za msingi 50 kati ya 100 ziliingizwa katika mpango wa kuwapa walimu zawadi kufuatana na matokeo ya mitihani. Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer waliufuatilia. Alama zilipanda katika mitihani iliyokuwa na zawadi. Lakini mahudhurio ya walimu hayakuongezeka, wala kazi za nyumbani. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani, na mpango ulipokwisha, nafuu ile nayo ikayeyuka. Kwa lugha ya kiwandani kwangu, zilipatikana kilo.

Sasa, msije mkasema mzee huyu anapinga walimu kupata kitu. Hapa Tanzania, mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10, huku baadhi yake zikiachwa bila kitu ili kulinganisha. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine, mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lake. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza alama. Bakshishi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya. Penye vyote viwili, watoto walijifunza zaidi, na waziwazi. Tena angalieni, mwalimu alilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu, si kwa wale wa juu tu.

Pendekezo letu ni la alama A. Mnajua nani hapati A? Mimi. Nilipofika Kidato cha Pili hisabati ilikuwa imenishinda kabisa. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akirudi darasani usiku na karabai yake mwenyewe, akikaa na sisi sita wa mkiani mpaka mafuta yaishe. Mwisho wa safari nilipata C. Kwa mpango wa jana, zile saa zote za karabai zisingemletea mwalimu yule hata senti moja, na mwalimu wa leo mwenye watoto wa kusomesha atafanya hesabu hiyo haraka kuliko nilivyoweza kuifanya mimi. Wale sita wa mkiani wapo hata sasa, wamekaa pale nyuma, na wanajijua. Siku moja wataambiwa kwa upole kwamba afadhali somo hili waliache.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lirudi kwenye Kamati likafanyiwe marekebisho. Fedha ya kwanza iende maabara. Nimeingia humo leo asubuhi, na mabomba ni yale yale tuliyoyaacha, nayo hayatoi maji. Baada ya hapo, kama kutakuwa na zawadi, ihesabiwe kwa hatua aliyopiga kila mwanafunzi tangu alipoanza, na igawanywe kwa walimu wote, akiwemo wa Kidato cha Kwanza ambaye A hizo hataziona kamwe.

Ahadi yangu ni shilingi laki tano. Nimekwisha kuiandika katika daftari la Mweka Hazina, na mbele yake nimeandika "mabomba". Mkutano ukiamua vingine nitalipa vilevile, ila neno lile lisifutwe.

Naona Katibu ameshika nyundo.