Kutuliza Maumivu ni Tendo la Huruma

Dominika ya 5 ya Mwaka B
Masomo: Ayubu 7:1-4, 6-7, 1 Wakorintho 9:16-19, 22-23, Marko 1:29-39

Dominika hii huangukia karibu na tarehe 11 Februari, ambayo tangu mwaka 1993 Kanisa huiadhimisha kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani. Masomo tuliyoyasikia yafaa sana kwa siku hiyo.

Somo la kwanza latupeleka kwa Ayubu. Amepoteza mali, amezika watoto wake, na sasa mwili wake umejaa majipu. Analalamikia usiku ambao kwake hauna mwisho. Anageuka huku na huku akingoja kupambazuke. Yeyote aliyemwuguza mgonjwa wa saratani anaujua usiku huo. Mchana wako wageni na sauti za watoto. Usiku nyumba nzima imelala, na maumivu peke yake yamekaa macho pamoja na mgonjwa.

Tuwaangalie rafiki za Ayubu. Walipofika waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, wakafanya vema. Kisha wakafumbua vinywa vyao, wakaanza kumweleza kwa nini anateseka. Mwishoni mwa kitabu Mungu hamkaripii Ayubu kwa ajili ya kilio chake. Anawakaripia rafiki zake kwa ajili ya maneno yao. Sisi mapadre na makatekista tulikumbuke jambo hilo kila tuingiapo katika nyumba ya mgonjwa. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Katika Injili, mama mkwe wa Simoni yu kitandani na homa. Waliomo nyumbani wanamweleza Yesu habari zake mara moja. Naye anakaribia, anamshika mkono, anamwinua. Hampi mama yule mafundisho juu ya faida za homa, wala hamwambii avumilie. Anamwondolea taabu yake, na mama anapata nguvu za kuwahudumia wengine.

Ndugu zangu, je, sisi tunafanya hivyo? Wako Wakristo wema wanaodhani kwamba kuomba dawa ya maumivu ni upungufu wa imani. Humwonyesha mgonjwa Msalaba na kumwambia kuwa Bwana alipopewa divai yenye manemane hakuikubali. Ni kweli, Marko ameandika hivyo. Lakini Yesu alikikataa kikombe kilichokuwa chake mwenyewe. Hakumnyima mtu mwingine kitulizo. Yeye ndiye aliyetupa mfano wa Msamaria, ambaye alipomkuta majeruhi njiani alimtia mafuta na divai katika jeraha zake.

Wala mafundisho ya Kanisa hayana utata katika jambo hili. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akiwajibu madaktari waliomwuliza, alifundisha kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa kali za kutuliza maumivu, hata kama zitampa usingizi au zikaweza kufupisha maisha yake, maadamu hakuna njia nyingine na nia si kumwua. Papa Yohane Paulo II alirudia mafundisho hayo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae, akaongeza kuwa anayechagua kuyapokea mateso bila dawa anastahili sifa, lakini ushujaa huo si wajibu wa kila mtu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, yahesabu huduma ya kuwatuliza wagonjwa kuwa namna ya pekee ya upendo usiotafuta faida. Basi mtu akitaka kuunganisha maumivu yake na ya Kristo, hiyo ni sadaka yake. Mimi na wewe hatuna haki ya kutoa sadaka mwili wa mwenzetu.

Huduma hiyo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa. Neno shufaa lina maana ya kumwombea na kumtetea mwingine, na huduma hii yamtetea mgonjwa asiyeweza tena kujitetea. Ni vema tujue ilivyoanza.

Mwaka 1948, huko London, mkimbizi mmoja Myahudi kutoka Polandi alikuwa akifa kwa saratani. Aliyemtembelea na kuongea naye alikuwa Cicely Saunders, Mkristo wa Kianglikana, aliyewahi kuwa muuguzi na wakati huo akifanya kazi ya ustawi wa jamii. Mgonjwa yule alimwachia pauni 500, akataka ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angeijenga siku moja kwa ajili ya watu kama yeye. Mama huyo akasomea udaktari. Tangu mwaka 1958 alifanya kazi katika hospisi ya Mtakatifu Yosefu, London, iliyoendeshwa na masista wa Kikatoliki, na huko akachunguza kwa makini maumivu ya wagonjwa wake. Desturi ya hospitali nyingi ilikuwa kungoja mpaka maumivu yarudi na mgonjwa aombe, ndipo adungwe sindano. Yeye alitoa mofini kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Akaona kwamba mgonjwa aliyetulizwa hivyo hakuwa mtumwa wa dawa. Alikula, alizungumza na jamaa zake, na alisali. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya Mtakatifu Kristofa, na ile nyumba yenye dirisha ikawa shule kwa ulimwengu mzima.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaofuata njia hiyohiyo: dawa itolewe kwa mdomo ikiwezekana, kwa saa maalumu, na kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni dawa nyepesi kama aspirini na parasetamoli. Ya pili ni kodeini. Ya tatu, kwa maumivu makali, ni mofini. Katika Afrika Mashariki, hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospice Africa huko Uganda. Mofini ilitengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Na kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini, mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliofundishwa maalumu kuiandika dawa hiyo. Nchini Tanzania tiba shufaa hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imejulikana kwa kuwafuata wagonjwa majumbani.

Hata hivyo wengi hawafikiwi. Jopo la wataalamu lililotoa ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2017 lilionyesha kuwa, kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo 100. Tajiri na Lazaro wa Injili wangali wapo, na safari hii kilichobaki mezani kwa tajiri ni usingizi wa usiku mmoja.

Pamoja na uhaba huo, iko hofu. Dawa yaweza kuwapo zahanati, na familia ikaikataa. Watu husema: mofini ni dawa ya kufia, akipewa, basi. Ndugu, si hivyo. Mofini iliyopimwa na mtaalamu, ikaongezwa hatua kwa hatua kadiri ya maumivu, haimwui mgonjwa. Wala tiba shufaa haingoji siku ya mwisho. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza utafiti wao juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Wote walipata matibabu ya kawaida, na nusu yao walipata tiba shufaa tangu mapema. Hao wa pili waliishi kwa nafuu zaidi na huzuni yao ilipungua. Tena waliishi muda mrefu zaidi, kwa makadirio ya kati miezi 11.6, hali wenzao waliishi miezi 8.9.

Tutofautishe pia kutuliza na kuua. Anayempa mgonjwa dawa ili afe amemwondoa mgonjwa, hakuyaondoa maumivu. Kanisa halikubali jambo hilo, na mwaka 2020 Idara ya Mafundisho ya Imani ililisisitiza katika barua Samaritanus Bonus. Lakini tusitosheke kulaani. Mara nyingi anayeomba kufa anaomba maumivu yaishe na upweke uishe. Tukimwacha alie peke yake, tutakuwa na uso gani wa kumwambia kuwa uhai ni zawadi?

Enyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, sasa nasema nanyi. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mtu mzima: ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho. Mama anaumwa kidonda, anaumwa pia na ada ya shule ya mtoto, na ugomvi na dada yake ambao haujasuluhishwa. Mofini haigusi ugomvi, na maneno yenu hayagusi kidonda. Vyote viwili vyahitajiwa.

Basi mwingiapo, ulizeni kwanza: unaumwa wapi, na usiku unalala? Asipolala, msianze na mahubiri. Mwiteni mhudumu wa afya, au mwisaidie familia kufika hospitali. Akiandikiwa dawa, wahimizeni wampe kwa saa zilizopangwa, hata kama kwa wakati huo hasikii maumivu, na waiweke mbali na watoto. Mofini hufunga choo. Waambieni waombe dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo, kwa maana wengi huiacha kwa sababu hiyo tu. Padre aitwe mapema. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya dakika ya mwisho, kama vile tiba shufaa isivyo ya siku ya mwisho. Na jumuiya ipange zamu za kukesha, ili mke au binti anayeuguza apate kulala. Kukesha na mgonjwa saa nane za usiku, bila maneno mengi, ni sala.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemshika mkono mama mkwe wa Simoni, uwakaribie usiku huu wote wanaogeuka vitandani wakingoja alfajiri. Uwape madaktari na wauguzi elimu na huruma, watawala wetu moyo wa kuwapatia maskini dawa, na sisi masikio ya kusikia kabla ya kusema. Uwatulize wanaoteseka, uwapokee wanaokufa. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.