Hujambo, Mutua?

Mkuu wa chuo, wahadhiri, wazazi na walimu wapya wanaohitimu leo hapa Machakos, hamjambo?

Kila aliyesoma Kenya anaijua salamu hiyo. Mwalimu anaingia, darasa linasimama, anauliza, "Hamjambo?" Jibu linapaa kwa sauti moja: "Hatujambo, mwalimu!" Mutua aliyelala njaa amejibu hajambo. Mwende aliyemwacha mamake hospitalini naye amejibu hajambo. Wote wanaketi, na mwalimu hajajua lolote.

Anayesimama mlangoni kabla ya kipindi hupata habari nyingine. Huko Mwala, Masinga au Yatta, wahitimu hawa watakuta rejista yenye Mutua watatu na Kioko wawili. "Hujambo, Mutua? Mguu umepona?" Kuuliza hivyo kunamlazimu mwalimu ajue ni Mutua yupi aliyeumia uwanjani.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 Allan Allday na Kerri Pakurar walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu wanafunzi watatu waliokuwa wazito kuanza kazi darasani. Walimu waliwasalimu mlangoni kwa jina na kuongeza neno zuri. Katika dakika 10 za kwanza za kipindi, muda waliotumia wanafunzi hao kufanya kazi ulipanda kutoka wastani wa asilimia 45 hadi 72. Watoto watatu ni wachache, lakini gharama yenyewe ilikuwa sentensi moja.

Kwa mwalimu wa Kenya hoja hii ina uzito wake. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza marufuku hiyo. Darasa lililofurika bado linahitaji utulivu, na mtoto humsikiliza upesi mtu anayemjua. Peter Tabichi wa shule ya Keriko, kaunti ya Nakuru, aliyetunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, alikuwa akiwafuata wanafunzi wake hadi nyumbani kwao.

Salamu isiwe ya vipenzi wa dawati la mbele. Hata aliyechelewa asalimiwe kwanza, sababu aulizwe baadaye.

Basi mhitimu akiripoti shuleni, aombe rejista siku ya kwanza na ajifunze majina. Darasa likiwa kubwa mno, asalimu safu moja kila asubuhi, ili Ijumaa ikifika pasiwe na mtoto aliyerukwa.