Mavumbi Tunayopeleka Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Sisi watu wa reli twafanya kazi Industrial Area, na twalala Makongeni, Mbotela, Kaloleni na Mukuru. Moshi wa viwanda kila mtu auona, na Mto Ngong kila mtu aunusa. Leo twataka kusema juu ya kitu kisichoonekana: risasi, si ya bunduki, bali ile iliyo ndani ya betri na rangi za zamani.

Risasi huingia kwa pumzi na kwa chakula, ikakaa katika mifupa miaka mingi. Huharibu damu, figo na ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huweza kunyonya mara 4 au 5 kuliko mtu mzima. Petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya mwaka 2006. Lakini mwaka 2007 watu wa Umoja wa Mataifa walitoa habari za watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora: nusu yao damu ilikuwa na risasi kupita kiasi. Na kule Owino Uhuru, Mombasa, wenyeji walishitaki kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Je, sisi? Twakwangua rangi kuukuu, twashika betri, kisha twakimbilia gari la moshi la jioni na ovaroli ile ile. Mtoto aturukia mlangoni. Mama yake aifua katika beseni moja na nguo za mtoto. Shule ya misheni tulifundishwa kunawa kabla ya kula. Twanawa, lakini nguo twaisahau. Hapo kosa ni letu wenyewe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka mahali pa kunawia na pa kuweka nguo. Penye watu 20 au zaidi yataka pia halmashauri ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Basi kabla hatujatawanyika tuchague wawili wetu. Wakaombe makabati, sabuni, ovaroli ya pili, na kupimwa damu kwa wale wa rangi na betri. Nani atataja jina la kwanza?